Ushuru wa gesti utunze viwanja na kumbi zetu

Naomba nafasi katika safu hii ya barua za wasomaji ili nami nitoe dukuduku langu juu ya ushuru wa nyumba za kulala wageni, ambao sisi wenyewe tumezoea kuuita ushuru wa gesti. Naomba radhi mapema kwa barua ndefu. Nimekuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana na mambo yamerundikana.

Kwanza nijieleze, maana mtu akizungumza habari za kodi lazima ijulikane amesimama upande gani. Nina gesti ya vyumba tisa katika mji mmoja ulio kando ya Reli ya Kati. Mji wenyewe sitautaja wala halmashauri yake, kwa sababu nia yangu si kumvunjia mtu heshima, bali ni kusema jambo ambalo naamini liko katika miji mingi ya nchi yetu. Chumba kwangu ni shilingi 15,000 kwa usiku, chandarua kipo, na bomba likikauka maji ya ndoo yapo. Kila mwezi napeleka ushuru halmashauri. Kwa hiyo mimi ni mlipaji, tena mlipaji ambaye zamani alikuwa mkaidi kidogo, kama nitakavyoeleza mbele.

Wenzangu wenye gesti wakikutana, mazungumzo yao ni kuomba ushuru huu ufutwe. Mimi siombi ufutwe. Ninachoomba ni kwamba sehemu yake itengwe kwa sheria ndogo, ijulikane ni kiasi gani, na itumike kutunza viwanja vya michezo, bustani na kumbi za wananchi katika mji ule ule ulikokusanywa. Hilo ndilo ombi langu lote, na yanayofuata ni sababu zake.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni vigingi. Asubuhi moja ya Jumamosi vijana wa mtaa wetu walikwenda kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha mpira wakakuta vigingi vimepigwa kuanzia goli la upande wa barabara hadi karibu na mstari wa katikati. Kiwanja hicho ni cha miaka mingi. Hakina uzio, hakina nyasi upande wa jua, na mvua ikinyesha kona moja hugeuka dimbwi la bata. Lakini ndicho pekee. Shule tatu za msingi hukitumia, timu nne za mitaa hukitumia, Idi na Pasaka watoto huja na baluni zao pale, na mwananchi akifiwa na nyumba yake ni ndogo, turubai hufungwa pembeni ya kiwanja hicho hicho.

Tulipouliza katika mkutano wa mtaa tuliambiwa kwamba upande ule utajengwa fremu za maduka. Sababu tuliyopewa ni kwamba kiwanja hakiingizi chochote, na halmashauri inahitaji mapato. Ndugu Mhariri, neno hilo la "hakiingizi chochote" ndilo lililoninyima usingizi, maana mimi ninayo hesabu ya kuonyesha kwamba si kweli.

Kila mwenye gesti hutakiwa kuwa na kitabu cha wageni. Mgeni huandika jina lake, alikotoka, aendako, kazi yake, na tarehe ya kuingia na kutoka. Ninavyo vitabu kumi na kimoja, vingine vimeliwa na mende pembeni lakini vinasomeka. Baada ya mkutano ule nilikaa jioni tatu nikavipekua. Nikaona kwamba katika miaka ambayo kiwanja chetu kilikuwa kikitunzwa, mashindano ya ligi ya mkoa yalichezwa pale, na kila timu ya ugenini ilipokuja vyumba vyangu vyote tisa vilijaa, na wengine niliwapeleka kwa jirani. Siyo wachezaji tu. Walikuja waamuzi, madereva, washabiki, mama wauza vitenge waliofuata umati. Kiwanja kilipoharibika waandalizi wa mashindano walihamia mji mwingine. Tangu hapo mwisho wa juma kwangu ni vyumba vitatu, vinne. Sasa mtu aniambie: ule ushuru niliokuwa nikilipa kwa vyumba tisa, na walioulipa wenzangu wote mjini, uliingizwa na nani kama si kiwanja?

Tatizo ni kwamba fedha inayozalishwa na kiwanja haionekani imetoka kiwanjani. Inaonekana imetoka gesti. Fremu ya duka ina mpangaji mwenye jina na risiti, bali kiwanja hakina risiti. Ng'ombe akishakamuliwa, maziwa yakauzwa dukani, mwenye duka husema ng'ombe ni hasara kwa sababu anakula tu majani.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wetu hawalioni kwa sababu wao hawalali gesti katika mji wao wenyewe. Nani analipa ushuru huu? Watu husikia neno hoteli wakadhani ni Mzungu mwenye kamera. Katika mji kama wetu mtalii hapiti, na akipita yumo ndani ya treni amelala. Mgeni wangu mimi ni mama aliyetoka kijijini kuja kumwuguza mwanawe hospitalini. Ni mwalimu anayefuatilia mafao. Ni mzee mwenye kesi ya shamba mahakamani ambayo imeahirishwa mara ya sita. Ni mnunuzi wa alizeti, ni utingo, ni kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Hao ndio walipao, maana mimi ni mkono wa kupitishia tu, na ushuru umo ndani ya ile bei ya chumba.

Basi tazama siku ya mgeni huyo ilivyo. Chumba anatakiwa kukiacha saa nne asubuhi. Basi lake linaondoka saa kumi na mbili jioni, au treni inapita usiku wa manane. Saa zote hizo akae wapi? Katika mji wetu hakuna benchi hata moja la umma chini ya mti. Kuna kilabu cha pombe, kuna baa, kuna kibaraza cha duka ambako mwenye duka atamwangalia vibaya baada ya nusu saa. Wengi hubaki kwangu ukumbini, nami siwafukuzi, lakini nimeona wanawake wenye watoto wachanga wamekaa juu ya mabegi yao kwenye jua la stendi kwa sababu hawataki kuingia baa. Mtu huyo ametuachia ushuru mjini kwetu, nasi hatukumpa hata kivuli.

Niseme sasa habari za ukumbi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya kikoloni ilijenga katika miji mingi ya Tanganyika majumba yaliyoitwa welfea, mengi yakikusudiwa askari waliorudi vitani wapate mahali pa kusoma magazeti na kucheza karata badala ya kuzungumza siasa. Siasa walizizungumza vile vile. Dar es Salaam kuna ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, uliojengwa kwa msaada wa tajiri wa mkonge wa Kigiriki, na wazee wa TAA walikuwa wakikutana humo kabla TANU haijazaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Welfea ya kwetu haikuwa na historia kubwa kiasi hicho, lakini ilikuwa na yake. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, darasa la kisomo la mtaa wetu liliwekwa humo. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kubeba karabai na kumsindikiza mama. Mama yangu alijifunza kuandika jina lake katika ukumbi huo. Jumapili mchana kulikuwa na dansi, na sisi watoto tulichungulia madirishani mpaka tukafukuzwa kwa fimbo ya mlinzi.

Leo ukumbi huo ni stoo. Humo kuna pikipiki mbovu za ofisi, mafaili, viti vya chuma vilivyovunjika miguu, na mabango ya sherehe zilizokwisha zamani. Upande mmoja bati limefumuka. Mwenye harusi huenda kukodi ukumbi wa mtu binafsi kwa bei ambayo mkulima haiwezi, na mkutano wa mtaa hufanywa chini ya mwembe, mvua ikianza tunatawanyika na ajenda inabaki hewani. Sikumbuki uamuzi wowote wa kufunga ukumbi ule. Ulifungwa kwa kuahirishwa matengenezo mwaka hadi mwaka, kwa sababu katika bajeti hapakuwa na kasma yake.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kujenga kitu hupata wafadhili, hupata jiwe la msingi na mgeni rasmi wa kukata utepe. Kukitunza hakuna mgeni rasmi. Forodhani kule Zanzibar iliharibika mpaka Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoifanyia matengenezo makubwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na leo kila mtu anajivunia. Lakini kila mji hauwezi kukaa kumngoja Aga Khan wake. Bustani inataka maji kila jioni. Nyavu za goli zinataka kushonwa. Choo kinataka kuoshwa. Kazi hizo hazingoji mradi. Zinahitaji fedha ndogo inayokuja kila mwezi bila kukosa, na ushuru wa gesti ni fedha ya namna hiyo hasa, kwa kuwa watu hulala kila usiku.

Nitaulizwa kama sheria inaruhusu. Mimi si mwanasheria, lakini nimesoma magazeti miaka mingi. Halmashauri zetu zina Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na zina uwezo wa kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na Waziri. Na jambo la kutenga fungu maalumu si geni. Mwaka 2018 sheria hiyo ilirekebishwa ikazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa wenye ulemavu. Kabla ya hapo lilikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi zilitoa zilipojisikia. Ni kweli kwamba mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, na utaratibu mpya ukatengenezwa ndipo ikaendelea. Lakini hakuna aliyesema fungu lenyewe lifutwe. Na kabla ya hapo tena, mwaka 1998, sheria ilianzisha Mfuko wa Barabara, ukapewa ushuru wa mafuta ya magari. Anayechakaza barabara kwa gari lake ndiye anayechangia kuitengeneza. Hata mtoto anaelewa.

Hoteli za watalii nazo zina lao. Mwaka 2013 ilianzishwa tozo ya maendeleo ya utalii, dola 1.50 kwa mgeni kwa usiku mmoja, kwa ajili ya kuutangaza na kuuendeleza utalii wa nchi. Sina ugomvi nayo. Bali naomba watu waione kanuni iliyomo: fedha ya kitanda inarudi kwenye kile kilichomleta mgeni. Kule aliyemleta mgeni ni tembo na mlima, basi tembo na mlima watangazwe. Kwetu aliyemleta mgeni ni soko, hospitali, mahakama, mpira na ngoma. Kwa nini kanuni hiyo ikifika kwenye gesti ya shilingi 15,000 igeuke?

Jirani zetu wa Kenya walianza mapema. Miaka ya 1970 waliweka tozo ya asilimia 2 kwenye hoteli na migahawa, na fedha hiyo ndiyo iliyokiendesha Chuo cha Utalii cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975. Watanzania wengi wanaofanya kazi katika hoteli kubwa wamefundishwa pale. Mwenye mgahawa wa Mombasa aliyelalamikia asilimia 2 aliweza angalau kunyoosha kidole akasema, fedha yangu iko pale, tena imenirudishia mpishi.

Nimesoma pia habari za mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani. Mji huo una mto mdogo unaopita katikati. Mwezi Mei, 2008 wananchi wa wilaya yao, inayoitwa Bexar, walipiga kura kuruhusu kodi ya vyumba vya hoteli na ya magari ya kukodi iendelee kutozwa na itumike kwa mambo yaliyotajwa waziwazi kwenye karatasi ya kura: kutengeneza kingo za mto na njia za kutembea kwa miguu, viwanja vya michezo ya vijana, na kumbi za sanaa. Upande wa kusini wa mto ulikuwa umegeuzwa mfereji. Sasa kwa maili zipatazo nane ni majani na miti, na wenyeji wanatembea na watoto wao jioni. Ukumbi wao wa Tobin ulifunguliwa mwaka 2014. Aliyelipa sehemu hiyo ni mgeni aliyelala, ila anayefaidi kila siku ni mwenyeji, na mgeni akirudi anafaidi tena.

Lakini sitaki kuwasifia wale kupita kiasi, maana kwao pia kuna funzo la kuogopa. Kodi ile ile ndiyo iliyojenga ukumbi mkubwa wa timu yao ya mpira wa kikapu ya kulipwa uliofunguliwa mwaka 2002, na mwezi Novemba, 2025 wapiga kura walikubali tena kodi ya hoteli isaidie kuijengea timu hiyo hiyo ukumbi mpya, baada ya mabishano makubwa. Timu ina matajiri wake. Fungu la wananchi likishakuwa nono, wenye nguvu hulisogelea. Hapa kwetu halitajengewa timu ya kikapu. Litanunuliwa gari la ofisi, au litakwisha kwenye posho za vikao vya kujadili bustani ambayo haijapandwa hata mche mmoja. Ndiyo maana nasema liandikwe kwenye sheria ndogo linaweza kutumika kwa nini na haliwezi kutumika kwa nini, na posho na magari viwe kwenye orodha ya pili.

Wako watakaosema, na mmoja wao ni mke wangu, kwamba hospitali haina dawa za kutosha na darasa lina watoto mia, nami naleta habari za bustani. Ni hoja nzito na sitaki kuikwepa. Jibu langu ni kwamba sijaomba ushuru wote. Nimeomba sehemu, tuseme theluthi moja. Theluthi mbili ziendelee kwenda kwenye dawa na madarasa, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini ukiwauliza watu wa ustawi wa jamii watakuambia vijana wanaokosa mahali pa kucheza hupatikana wapi. Kiwanja kikishauzwa hakirudi. Dawa zikikosekana mwaka huu zinaweza kununuliwa mwakani, ila fremu zikishajengwa juu ya kiwanja hakuna mwaka wa kuzibomoa.

Nifanye hesabu ya mfano, nisije nikaonekana nasema hewani. Hizi si takwimu za halmashauri yoyote, ni mfano tu. Tuseme mji mdogo una vyumba 200 vya gesti, na kila siku nusu yake vina wageni. Tuseme kila chumba kinaleta shilingi 1,000 za ushuru kwa usiku. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 36,500,000. Theluthi yake ni shilingi milioni 12 na ushei. Je, milioni 12 zinafanya nini? Hazijengi uwanja wa taifa. Zinalipa wafanyakazi wawili wa bustani na kiwanja, kila mmoja shilingi 200,000 kwa mwezi, jumla shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Zinazobaki, zaidi ya milioni saba, zinalipa bili ya maji, zinanunua miche na nyavu, na zinaweka mabenchi kumi ya zege ambayo hayaibiki. Mwaka wa pili mabenchi yapo tayari, basi fedha ile inakwenda kwenye bati la ukumbi. Mwaka wa tatu taa. Mji mkubwa utapata zaidi, mji mdogo utapata kidogo, kila mmoja kwa kadiri ya wageni wake.

Sasa nije kwenye ule ukaidi wangu niliouahidi mwanzoni. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na vitabu viwili. Kimoja cha kweli, kingine cha kumwonyesha mkusanya ushuru. Wageni saba wakilala, kitabu cha pili kiliona wanne. Sikuwa peke yangu, na yeyote mwenye gesti atakayesoma barua hii anajua nasema nini. Niliacha mambo hayo kabla mashine za risiti na mfumo wa Tausi havijaja, na sababu ya kuacha nitaisema wazi. Alikuja kijana wa halmashauri, mkusanyaji, akanikuta naandika kitabu cha uongo. Hakunitisha. Aliniuliza tu: "Mzee, kwani wewe huna wajukuu hapa mjini?" Nikaona haya. Lakini haya hiyo ilipopoa nilijiuliza pia swali la upande wa pili: hao wajukuu wamepata nini cha kushikika kutokana na zile nilizolipa kwa ukweli? Sikuweza kunyoosha kidole popote. Mtu akiona benchi, akaona nyasi, akajua hili limetokana na vyumba vyetu, mkono wake unakuwa mzito kuandika uongo. Nasema hivi kwa kujijua mimi mwenyewe.

Ikumbukwe kwamba vyanzo vya halmashauri vimepungua. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na watu tulifurahi. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu mwaka 2021 tunailipa kupitia LUKU bila hata kumwona mtu. Ushuru wa gesti ni mojawapo ya kodi chache ambazo mwananchi bado anazikabidhi kwa serikali ya mji wake mwenyewe. Wazee wenzangu watakumbuka mwaka 1972 halmashauri zilipovunjwa, mitaro ikaziba na taka zikajaa mitaani, hadi halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Zilirudishwa ili mji uwe na wenyewe. Mji usio na mahali pa kukaa wala pa kukutanika una wenyewe gani?

Kuhusu usimamizi, sipendi tuunde chombo kingine kikubwa. Kata inayo Kamati ya Maendeleo. Waongezwe wawili au watatu: mwenye gesti mmoja aliyechaguliwa na wenzake, kocha au mwalimu wa michezo, na mama mmoja wa soko, maana wao ndio wanaojua ni wapi watu hukaa juani. Kila miezi mitatu makusanyo na matumizi yabandikwe ubaoni, pale stendi, sio ndani ya ofisi kwenye korido ambako huwezi kuingia bila kuulizwa shida yako. Na mimi ningependelea kazi zisipewe mzabuni. Zabuni ya kufyeka nyasi kwa mwaka mzima hugeuka kufyeka mara mbili, siku ya Mwenge na siku anapokuja Waziri. Waajiriwe vijana wa mtaa huo huo, walipwe kila mwezi, na nyasi zikizidi tujue tumwulize nani.

Naomba pia wahusika wa TAMISEMI, kama barua hii itawafikia, watoe mwongozo mmoja kwa halmashauri zote, ili jambo hili lisitegemee moyo wa Mkurugenzi aliyepo. Tumeshakuwa na mkurugenzi mpenda michezo, kiwanja kikapakwa chokaa kila wiki. Alipohamishwa, chokaa ikahama naye.

Vile vigingi bado vipo. Vijana wanacheza kwa kuvizunguka, na wiki iliyopita mmoja alijikwaa akavunjika mkono. Mtendaji wa kata ametuambia kwamba shauri la fremu litapelekwa kwenye Baraza la Madiwani pamoja na bajeti ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai 1. Kikao cha Baraza ni cha wazi na mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria. Sisi wenye gesti tumekubaliana kwenda, ishirini na wawili kati yetu, kila mmoja na vitabu vyake vya wageni. Diwani wetu ameahidi kuomba tupewe dakika kumi. Hata zikiwa tano, tutawasomea madiwani majina ya timu zilizolala mjini na tarehe zake, kisha tutawaomba Mweka Hazina awasomee ushuru uliopokelewa katika tarehe hizo hizo.

Mlipa Ushuru wa Gesti,
Reli ya Kati.